Tamasha la Madaraka na Ukumbi Tunaotaka Kujenga Theta

Maneno ya Katibu wa Kwaya katika Sherehe ya Yubilei

 

 

Historia ya kwaya mtaisoma katika kurasa za mwenyekiti, na habari za pesa ni za mhazini, mimi sizigusi. Nimeombwa niseme juu ya safari yetu ya Madaraka, Nairobi, na kwa nini tangu turudi tumekuwa tukiwasumbua watu wa kamati ya ujenzi kila Jumapili baada ya ibada ya pili. Najua wako wazee waliouliza, "Hawa waimbaji wameingiaje katika mambo ya mawe na mabati?" Ni swali la haki, nami nitajitahidi kulijibu.

Tulialikwa kusikiliza tamasha la kwaya katika Chuo Kikuu cha Strathmore. Tulijaza matatu moja ya viti 33. Hakuna aliyekuja na gari lake, hata wale wenye magari. Tamasha lilianza saa nane mchana, na baadhi yetu tulinung'unika njiani, kwa maana tumezoea kwamba tamasha la maana ni la jioni, taa za rangi zikiwaka. Lakini chuo hicho, tangu mwaka 2014, kina paneli za sola juu ya mapaa yake zenye uwezo wa kilowati 600. Ili mpate picha, hiyo ni sawa na birika 300 za umeme za kilowati mbili zikichemsha kwa wakati mmoja. Sola ya paa hutoa nguvu yake kubwa adhuhuri na alasiri, jua likiwa juu. Usiku haitoi kitu, na kama hakuna betri, unarudi kwenye stima ya kawaida kama jirani yako. Kwa hiyo anayeimba saa nane anaimbia chini ya jua linalofanya kazi. Tena saa kumi na moja na nusu tulikuwa tumeshamaliza, na akina mama wetu walifika Theta kabla giza halijaingia. Wanaopanda matatu za Thika Road usiku wanajua hiyo ni baraka ya aina gani.

Hata hivyo sikuja hapa kuwahubiria sola. Jambo lililonigusa siku ile lilikuwa la sauti. Kwaya mbili za mwisho ziliomba maikrofoni zizimwe. Watu wakatazamana. Kisha wakaimba, watu kama ishirini na wanane, vinywa vitupu, na tuliokaa nyuma kabisa tukasikia sauti ya nne ikishuka chini kabisa na kubaki pale, wazi, kila silabi. Mama mmoja wa sauti ya pili aliyekaa karibu nami aliniuliza kwa kunong'ona, "Katibu, spika zimefichwa wapi?" Hazikuwapo. Ukumbi ndio uliokuwa ukifanya kazi.

Nikaanza kuwaza kanisa letu. Tunalipenda, limetulea, na wengi wetu tulibatizwa humo. Lakini tuseme ukweli. Ni kuta za mabati na paa la mabati, halina dari. Jua la saa saba likiwaka, ndani ni kama tanuri. Mvua ikinyesha, mchungaji hunyamaza kwa sababu hata yeye mwenyewe hajisikii. Bati ni gumu na jembamba, hurudisha sauti kwa ukali, maneno yakagongana na kupotea. Ndiyo maana tulinunua spika. Spika zilipokuja, wapiga kibodi wakapandisha sauti, waimbaji wakapandisha juu ya kibodi, na majirani wakaanza kuja kwa mzee wa zamu kulalamika. Wana haki, kwa kuwa kanuni za taifa za kudhibiti kelele za mwaka 2009 zinahusu nyumba za ibada pia. Halafu stima hupotea, na kwa kuwa sasa hatuwezi kuimba bila spika, tukaanza kukodi jenereta. Jenereta inanguruma nje ya dirisha, basi spika zinapandishwa tena ili kuishinda jenereta.

Mnaona jinsi mambo yanavyofuatana. Paa baya limetununulia spika, spika zimetununulia jenereta, na jenereta inakula dizeli kila sherehe.

Kuhusu dizeli, niruhusuni nirudi darasani kidogo, maana ualimu hauachi mtu. Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa karibu kilo 2.7 za hewa ya ukaa. Wanafunzi wangu huuliza kila mwaka: lita moja haifiki hata kilo, inawezaje kutoa kilo mbili na zaidi? Ni kwa sababu kaboni iliyo katika mafuta hushikana na oksijeni ya hewani inapoungua, na oksijeni nayo ina uzito. Sasa linganisheni na stima ya ukutani. Hapa kwetu Kenya tuna bahati ambayo nchi nyingi tajiri hazina. Karibu asilimia 90 ya stima yetu hutokana na mvuke wa ardhini wa Olkaria, mabwawa ya Mto Tana, upepo wa Turkana na jua. Mitambo ya mafuta bado ipo, ukiwemo ule wa megawati 87 hapo Thika, lakini sehemu yake katika stima ya nchi nzima ni ndogo. Maana yake ni kwamba tunapochomeka kibodi ukutani tunatumia stima safi kiasi, na tunapowasha jenereta tunaiacha hiyo na kuchagua moshi. Anayesema tamasha lisilochafua mazingira ni jambo la Wazungu wenye mitambo ya gharama hajatazama mita ya stima iliyo mlangoni mwake.

Ni kweli nje wanafanya makubwa. Kundi la Coldplay la Uingereza lilipoanza ziara yake ya dunia mwaka 2022 lilileta baiskeli ambazo mashabiki walizikanyaga, na sakafu inayotoa umeme watu wakirukaruka juu yake. Mwaka 2024 walitangaza kwamba uchafuzi wa ziara hiyo umepungua kwa asilimia 59 ukilinganishwa na ziara yao ya 2016 na 2017. Uwanja wa Johan Cruijff mjini Amsterdam una paneli 4,200 juu ya paa, na tangu 2018 huhifadhi umeme katika betri nyingi za magari zilizounganishwa pamoja. Mambo mazuri. Lakini mimi nikisoma habari hizo nabaki na swali moja: wale mashabiki walifika pale kwa njia gani? Kila anayehesabu uchafuzi wa tamasha hukuta kwamba safari za wasikilizaji ni moja ya sehemu kubwa kuliko zote, mara nyingi kubwa kuliko taa na spika. Ile matatu yetu moja ya viti 33 ilifanya kazi ambayo sakafu ya kurukia haiwezi kuifanya.

Mfano ninaoupenda zaidi uko karibu nasi. Tamasha la Sauti za Busara la Zanzibar, lililoanza mwaka 2004, limefanyika miaka mingi ndani ya Ngome Kongwe, boma la mawe lililojengwa na Waomani mwisho wa karne ya 17. Hawakumwaga saruji mpya kupata jukwaa. Walitumia kuta zilizokuwapo tayari, na watu wa Mji Mkongwe wanaweza kwenda kwa miguu. Nairobi nako kuna Kanisa Kuu la Watakatifu Wote, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1917, wakati ambapo hakuna aliyeota kuhusu maikrofoni. Ingieni siku ya joto mkae kimya dakika tano. Mawe mazito yanachelewa kupata joto na yanachelewa kupoa, na sauti ikitoka mbele inasafiri. Waliojenga walilazimika kufikiria sikio la mtu wa kiti cha nyuma, kwa sababu hakukuwa na namna nyingine ya kumfikia.

Sasa nifike kwenye ukumbi wetu, maana hapa ndipo penye vita. Samahani, penye mjadala.

Mchoro wa kwanza wa ukumbi wa kanisa umeshachorwa. Una kuta za mabati, paa la mabati, madirisha madogo, na ubavu mrefu umeelekezwa magharibi kwa sababu barabara iko huko na tunataka tuonekane. Ni rahisi na utakwisha haraka. Kamati ya kwaya imeomba mchoro huo utazamwe upya kabla ya fundi kuchimba msingi, na harambee ya leo ndiyo inayotupa nafasi hiyo. Msingi ukishachimbwa, tumefungwa.

Ombi letu la kwanza ni kuugeuza ukumbi. Sisi tuko nyuzi moja tu kusini mwa Ikweta. Jua letu huchomoza mashariki, likapita karibu na utosi, likashukia magharibi, mwaka mzima. Ukuta unaotazama magharibi ndio unaopigwa alasiri yote, saa zile zile za tamasha na harusi. Tukiuzungusha ukumbi kuta ndefu zikatazama kaskazini na kusini, na zile fupi tu ndizo zipokee jua la asubuhi na la jioni, tumepunguza joto bila kununua feni hata moja. Kuugeuza mchoro kwenye karatasi hakuhitaji mfuko hata mmoja wa saruji. Tutaonekana barabarani kwa ule upande mfupi. Tutauweka msalaba hapo, na anayetutafuta atatupata.

Ombi la pili ni mawe. Hapa nataka wazee wanisikilize vizuri, maana mmesema mawe ni ghali, na ni kweli mabati ni rahisi siku ya kwanza. Lakini sisi si watu wa kuagiza mawe kutoka mbali. Mawe ya Ndarugo, yanayopakiwa kwenye malori kwenda kujenga Nairobi nzima, yanakatwa hapa jirani, upande wa Juja. Lori linasafiri mwendo mfupi. Nakiri machimbo yale nayo yana madhara yake, mashimo yameachwa wazi yakajaa maji, na wazazi wa huku wanajua hofu hiyo. Kwa hiyo tujenge kwa kipimo, ukumbi wa kutosha watu wetu, tusijenge ukumbi wa kujionyesha. Ukuta wa jiwe utadumu kuliko sisi, hautapigwa rangi kila mwaka, na utaitunza sauti. Katika Maandiko tunasoma kwamba mawe ya hekalu la Sulemani yaliandaliwa machimboni kabisa, hata mlio wa nyundo haukusikika mahali pa ujenzi. Mimi kama mwimbaji hadithi ile naipenda kwa ajili ya ule ukimya.

Paa tumekubali liwe la mabati, tusitake makuu. Lakini chini yake iwekwe dari, na kati ya dari na bati hewa ipite. Dari itazuia joto, itanyamazisha mvua, na itaizuia sauti isipande juu na kupotelea kwenye vyuma. Madirisha yawe ya namna mbili: mengine chini, upande wenye kivuli, na matundu juu karibu na dari. Hewa ya moto hupanda, hilo kila mpishi analijua. Ikipata mlango juu inatoka, na ile baridi inaingia chini kujaza nafasi yake. Hakuna swichi.

Kisha maji. Milimita moja ya mvua ikianguka kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 300, katika mwaka wenye mvua ya milimita 800 tu, hupokea lita 240,000, yaani matangi 24 ya lita 10,000. Hatutayakinga yote, mengine yatamwagika na mengine yatakauka. Lakini leo asubuhi tumelipia mkokoteni wa mitungi ili kupika na kuosha vyombo, tukiwa chini ya paa ambalo msimu wote wa mvua ndefu lilimwaga maji yake kwenye mtaro. Sisi tunaoishi kati ya mito Theta na Ndarugu, na tunaojua jinsi maji ya milima yetu yanavyopita mabombani kwenda Nairobi huku mifereji yetu ikikauka, hatuhitaji kuelezwa thamani ya tangi.

Sola iwe mwisho. Wengi walitarajia nianze nayo, na kuna kijana mmoja wa sauti ya tatu ambaye tayari ameleta bei kutoka maduka matatu. Nimemwambia asubiri. Ukumbi usiohitaji feni, usiohitaji taa mchana, na usiohitaji spika kubwa, utatosheka na paneli chache za taa na kibodi. Tukianza kwa paneli juu ya jengo baya, tutanunua paneli nyingi za kulisha ubaya wa jengo.

Wako walioniambia, tena kwa upendo, kwamba ninawachelewesha. Mzee mmoja ambaye namheshimu sana alisema, "Mwanangu, sisi tumeimba chini ya mti, tukaimba kwenye mabati, na Mungu alitusikia. Wewe unataka jengo la chuo kikuu?" Nimelifikiria neno hilo majuma mengi. Jibu langu ni kwamba mzee amenisaidia bila kutaka. Chini ya mti kulikuwa na kivuli, hewa ilipita, na mliimba bila spika watu wakasikia. Mti ulikuwa ukumbi mzuri kuliko mabati. Tunachoomba ni jengo linalofanya yale mti uliyafanya, na likinge mvua. Na tunaomba ile mikuyu miwili iliyoko nyuma ya kiwanja isikatwe kupisha maegesho ya magari, kama mchoro unavyoonyesha sasa.

Tusidhani pia kwamba miti hujitetea yenyewe. Msitu wa Karura, ambako kwaya nyingi za Nairobi na Kiambu huenda kupiga video zao, ungekuwa nyumba na barabara leo kama Profesa Wangari Maathai na wenzake wasingesimama mlangoni pake Januari 1999 wakapigwa. Kwaya ikienda kurekodi Karura siku hizi, kanuni iliyoanza tarehe 5 Juni 2020 haiiruhusu kuingia na plastiki za kutumia mara moja, na bado inaimba na video inatoka. Maji yanabebwa kwenye chupa za chuma, mwisho wa habari.

Hilo linanileta kwenye siku ya leo yenyewe. Baada ya tamasha letu la mwaka jana vijana walijaza magunia tisa. Chupa za maji, sahani za kutupa, vikombe vya karatasi, mikebe ya soda na mabaki ya pilau, vyote pamoja. Yote yakaondoka kwa lori. Taka za huku kwetu huishia Kang'oki, Thika, na aliyepita karibu na pale upepo ukivuma anajua majirani wa Kang'oki wanavumilia nini kwa ajili ya sherehe zetu. Sheria ya taka ya mwaka 2022 inatutaka kutenganisha taka pale zinapotoka. Mama mmoja wa kanisa anafuga nguruwe na amesema wazi kwamba mabaki ya chakula yasiyochanganyika na plastiki atayachukua yote, hata ya kesho.

Kwa hiyo leo mtaona tofauti kidogo. Hakuna chupa za maji mezani. Kuna madumu mawili ya maji yaliyochemshwa karibu na mlango wa jikoni na moja chini ya mkuyu, na vikombe vya bati na udongo ambavyo akina mama wamevikusanya kutoka nyumba zenu, kwa hiyo ukiona kikombe chako mkononi mwa mgeni kutoka Githurai usikidai kabla hajamaliza kunywa. Sahani ni za kuoshwa. Zamu ya kuosha ni ya wanaume wa sauti ya tatu na ya nne, na majina yao yamebandikwa ili asipotee mtu. Mapipa ni matatu. La kijani ni la chakula, la bluu ni la chupa na mikebe, jeusi ni la yale mengine. Watoto wa shule ya Jumapili wamesimama hapo kuwaelekeza, na nawaonya kwamba ni wakali kuliko mimi.

Jenereta imekodiwa, kwa maana wengi walitaka, lakini imeegeshwa nyuma na haitawashwa ila stima ikipotea. Na kipindi cha alasiri, kuanzia saa tisa, kwaya yetu itaimba nyimbo tatu tukiwa tumezima maikrofoni, nje, chini ya mikuyu. Wageni wetu wa Juja wamekubali kuungana nasi kwa wimbo wa tatu. Tunaomba mkae karibu na mtulize watoto kidogo.

Michoro yote miwili ya ukumbi, ule wa kwanza na ule tuliouomba, imebandikwa kwenye ubao wa matangazo, ubavu kwa ubavu. Fundi wetu ameandika gharama za kila kipengele kwa mkono, kwa kalamu nyekundu, pamoja na gharama za kupaka rangi na kukodi mitambo kwa miaka kumi. Kamati ya ujenzi inakutana Jumapili ijayo saa nane mchana, na mwenyekiti wake ameahidi kwamba waumini wote wanakaribishwa kusema. Andikeni maoni kwenye daftari lililofungwa kwa uzi pale ubaoni. Kalamu tafadhali irudishwe.